Mwongozo Kamili: Kufufua Opera ya Baroki Iliyopotea Hadi Ipande Jukwaani

Wanaojaribu kazi hii hukwama mahali palepale. Wanapata picha za muswada, wanauhamishia kwenye kompyuta, wanakusanya waimbaji. Mazoezi yakishapamba moto ndipo wanagundua kwamba tendo la tatu lina muziki nusu, kwamba mwenye muswada anadai haki zake, na kwamba sehemu za mazungumzo zinaimbwa kama gwaride. Matatizo haya matatu yana mzizi mmoja: wameanza na nota. Opera ya Baroki, yaani tamthiliya ya kuimbwa ya Ulaya ya takriban miaka 1600 hadi 1750, huanzwa na maneno, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa kwa msingi huo.

Mfano wangu mkuu ni *Motezuma*, opera ya mtunzi wa Venice Antonio Vivaldi, iliyoonyeshwa Venice mwaka 1733 katika ukumbi wa Sant'Angelo. Nimeichagua kwa sababu karibu kila tatizo la kazi hii liliikuta.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya libreto, yaani kitabu cha maneno, kilichochapishwa kwa ajili ya onyesho la kwanza lenyewe. Libreto ya mji mwingine au mwaka mwingine ni ya ziada tu, haiwezi kuwa mbadala.
- Picha za rangi za kila ukurasa wa muswada, kurasa tupu na majalada yakiwemo. Picha za nyeusi na nyeupe huficha tofauti ya wino, na mara nyingi tofauti hiyo ndiyo inayokuambia nani aliongeza nini.
- Programu ya kuandikia nota. MuseScore ni ya bure na inatosha.
- Mtu anayeelewa Kiitaliano cha ushairi, si cha mazungumzo tu.
- Mpiga hapsikodi, kinanda cha kale cha nyuzi, anayeweza kujenga mwafaka wa sauti akiwa na mstari wa besi (sauti ya chini kabisa) na tarakimu chache juu yake. Huyu mtafute mapema kuliko waimbaji.
- Mwanasheria wa hakimiliki, hata kwa saa chache.
- Bajeti ambayo fungu la mazoezi limetengwa kabla ya fungu la mapazia na mavazi.

## Hatua ya 1: Jua imepotea kiasi gani

Opera huitwa "iliyopotea" hata pale ambapo hali ni tofauti kabisa. Kuna iliyobakiwa na libreto tu na kipande kimoja: *L'Arianna* ya Monteverdi, ya Mantua mwaka 1608, muziki wake uliotufikia ni ule wa maombolezo ya Arianna. Kuna iliyobakiwa na aria (nyimbo za mhusika mmoja mmoja) zilizotawanyika: *Argippo* ya Vivaldi, iliyochezwa Prague mwaka 1730, ilirudi baada ya Ondřej Macek kukuta aria zake Regensburg, na mwaka 2008 ikasikika tena Prague. Kuna yenye muswada uliokatika, kama *Motezuma*. Na kuna iliyo nzima ila haikuwahi kuchezwa: *Boris Goudenow* ya Johann Mattheson, ya mwaka 1710, muswada wake uliondoka Hamburg wakati wa Vita Kuu ya Pili, ukarudi kutoka Yerevan, Armenia, mwaka 1998, na opera ikapanda jukwaani kwa mara ya kwanza Boston mwaka 2005.

Lazima ujue yako ni ya kundi gani, maana gharama na muda hutegemea hilo. Kundi la kwanza usiliguse. Bila muziki huna cha kufufua, na utakachotunga kitakuwa opera yako wewe.

Tafuta kwenye hifadhidata ya RISM, inayoorodhesha miswada ya muziki iliyomo maktabani duniani. Usiishie kwenye jina la opera. Andika maneno ya kwanza ya kila aria, moja baada ya nyingine, kama yalivyo kwenye libreto. Aria zilisafiri zenyewe: mwimbaji alibeba alizozipenda, mnunuzi alinunua nakala ya tatu au nne, na jina la opera likabaki nyuma. Wengi hutafuta jina, hawaoni kitu, wanakata tamaa.

Usidhani pia kwamba kazi ya mtunzi imelala mjini kwake. Sehemu kubwa ya opera za Vivaldi zilizopo ziko Turin. *Motezuma* ilikuwa kwenye nyaraka za Sing-Akademie, chama cha waimbaji cha Berlin. Nyaraka hizo zilichukuliwa na jeshi la Kisovieti baada ya vita, zikatambuliwa Kyiv mwaka 1999 na kurudishwa Berlin mwaka 2001. Mwaka uliofuata mtafiti Steffen Voss akaitambua opera hiyo humo ndani.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika aya moja inayosema kipi kipo, kiko maktaba gani, kwa namba gani ya rafu, na kipi hakipo.

## Hatua ya 2: Tengeneza jedwali kutoka kwenye libreto

Libreto iliuzwa kwa watazamaji, kwa hiyo ina karibu kila kilichotokea ukumbini: majina ya wahusika na waimbaji wao, mabadiliko ya mandhari, mpangilio wa maonyesho (vipande vya kila tendo) na mashairi yote. Chora jedwali lenye mstari mmoja kwa kila aria na kila sehemu ya mazungumzo. Safu zake ni hizi: tendo na onyesho, mhusika, maneno ya kwanza, mizani ya shairi, muziki upo au haupo, na ukurasa wa muswada.

Mazungumzo, yanayoitwa resitativo, utayatambua kwa macho. Ni mistari ya silabi saba na kumi na moja iliyochanganywa, na kwa kawaida haina vina. Aria ni beti fupi zenye vina, mara nyingi mbili.

Angalia pembeni mwa mistari. Ukiona alama za mtajo zimepangwa kushuka ukurasa, mistari hiyo haikuimbwa. Ilichapishwa kumheshimu mshairi tu, na ilirukwa kufupisha usiku. Asiyejua hili huhesabu mapengo ambayo hayapo, kisha huanza kutunga muziki wa maneno ambayo hata Vivaldi hakuyagusa.

Kwa *Motezuma*, jedwali la namna hii lingekuonyesha mapema kwamba tendo la pili limetimia, na kwamba pengo liko kwenye la kwanza na la tatu. Hapo unajua kazi iko wapi kabla hujamlipa mtu yeyote.

## Hatua ya 3: Maliza suala la haki kabla ya kutangaza

Vivaldi alifariki mwaka 1741, kwa hiyo watu husema hakuna hakimiliki. Si sahihi kabisa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya humpa ulinzi wa miaka 25 yule anayechapisha kwa mara ya kwanza kazi ambayo haikuwahi kuchapishwa, hata kama muda wa hakimiliki ya mtunzi umekwisha. Sing-Akademie ilidai haki hiyo juu ya *Motezuma*, na kiangazi cha mwaka 2005 amri ya mahakama ya Düsseldorf ikazuia opera hiyo kuonyeshwa kwenye tamasha la Barga, Italia. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Shirikisho ya Ujerumani, ambayo mwaka 2009 iliikataa hoja ya chama hicho. Chama hakikuweza kuthibitisha kwamba kazi haikuwahi kutolewa kwa umma, maana enzi zile Venice nakala zilipatikana kwa wanakili. Uamuzi ulikuwa mzuri kwa wanaofufua opera, ila kwa walioandaa tamasha lile ulikuja miaka minne baada ya tiketi.

Jambo la pili ni toleo. Mtu akihariri muswada, kazi yake ya uhariri inaweza kuwa na hakimiliki yake. Uingereza, mahakama ya rufani mwaka 2005 ilimpa Lionel Sawkins ushindi dhidi ya kampuni ya Hyperion kuhusu matoleo yake ya muziki wa Lalande, mtunzi aliyefariki mwaka 1726. Kwa hiyo usichukue nota zilizokwisha kuchapishwa na mwingine ukadhani ni mali ya umma.

Onyo: ruhusa ya kupiga picha muswada, ruhusa ya kuchapisha nota na ruhusa ya kurekodi ni tatu tofauti. Ziombe zote kwa barua moja, na usubiri jibu la maandishi.

## Hatua ya 4: Nakili muswada

Hatua hii ni ndefu lakini si ngumu. Mambo manne ndiyo huleta makosa.

Funguo za nota. Soprano na alto ziliandikwa kwa funguo za C, yaani alama za mwanzo wa mstari zinazoonyesha C iko wapi, ambazo leo wachache huzisoma. Jizoeze kwanza kwenye aria unayoifahamu.

Alama za kupandisha na kushusha nusu sauti. Zamani, alama kwa kawaida ilihusu nota yake na marudio yake ya papo hapo. Kompyuta huichukulia kwamba inatawala kipimo kizima, yaani nafasi yote kati ya mistari miwili ya wima. Hapa ndipo nota za uongo huzaliwa kwa makumi, na mpigaji mwenye adabu atazipiga zote bila kuuliza.

Vifupisho. Mwanakili hakuandika mara mbili alichoweza kuandika mara moja. Mstari wa viola ukiwa tupu na neno fupi la kuelekeza kwenye besi, maana yake viola ifuate besi, si kwamba inyamaze.

Wino. Wino wa enzi hizo ulikuwa na chuma, na hula karatasi. Panapo tundu, au pale wino wa upande wa pili ulipopenya, usibahatishe. Weka mabano, uamue baadaye ukiwa na ala mkononi.

Ukimaliza, kagueni wawili: mmoja asome muswada kwa sauti, mwingine afuate kwenye toleo jipya. Aliyenakili asijikague mwenyewe, kwa kuwa jicho lake litaona kile alichokusudia kuandika.

## Hatua ya 5: Ziba mapengo bila kuficha kiraka

Hapa ndipo pana kazi yenyewe, na pia ndipo pana kishawishi kikubwa.

Aria inapokosekana. Njia iliyo karibu na desturi ya wakati ule ni kuchukua aria nyingine ya mtunzi huyohuyo, ya miaka ya karibu, ukaivisha maneno ya libreto. Hakuna aibu ndani yake. Vivaldi mwenyewe alipoandaa *Bajazet* mwaka 1735 alichanganya aria zake na za watunzi wengine: Hasse, Giacomelli na Riccardo Broschi. Alessandro Ciccolini alifuata njia hiyo kwa *Motezuma* iliyorekodiwa na mwongozaji wa muziki Alan Curtis.

Masharti ni manne: mizani ile ile, hisia ile ile, upana wa sauti ule ule, na toni (ngazi ya sauti) inayoweza kufikiwa kutoka kwenye mazungumzo yanayotangulia. Sharti la mizani ndilo huvunjwa zaidi.

Msomaji wa Kiswahili anayehesabu mizani za shairi ana mtaji mkubwa hapa, lakini ajihadhari. Sisi kila irabu ina mizani yake. Waitaliano, irabu ya mwisho wa neno ikikutana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata, kwa kawaida huzihesabu kuwa silabi moja. "Senza amore" kwetu ingekuwa mizani tano. Kwao ni nne: sen-zaa-mo-re. Tena hesabu hutazama mkazo wa mwisho. Mstari unaoishia kwenye silabi yenye mkazo huongezewa moja, na ule ambao mkazo umerudi silabi mbili kabla ya mwisho hupunguzwa moja. Ukikosea hapa, mkazo wa muziki utaangukia silabi isiyo na uzito, na Mwitaliano yeyote ukumbini atacheka mahali pa kulia.

Resitativo inapokosekana. Una chaguo tatu: kutunga mpya, kusema maneno bila kuyaimba, au kuyakata. Mimi nasimama na kutunga. Kusema kunavunja usiku vipande, na kukata kunawaacha watazamaji hawajui kwa nini mtu anaimba kwa hasira. Kutunga resitativo ya kawaida ni ufundi unaojifunzika: besi inayotembea polepole, sauti inayofuata mkazo wa maneno, na vituo vya desturi pale sentensi inapokwisha. Nakili kwa mkono resitativo kadhaa za mtunzi wako kabla ya kuandika yako. Usionyeshe ubingwa. Resitativo mpya inayovutia masikio kuliko aria iliyo mbele yake imeshindwa kazi.

Sauti za ala zinapokosekana. Tatizo hili ni la opera za karne ya 17. Miswada ya Cavalli, mtunzi wa opera wa Venice, mingi ikiwa kwenye maktaba ya Marciana, Venice, mara nyingi ina sauti ya mwimbaji na besi tu, na vipande vifupi vya ala katikati. Mwongozaji wa muziki Raymond Leppard alipoleta *La Calisto* ya Cavalli kwenye tamasha la Glyndebourne, Uingereza, mwaka 1970 alizijaza nafasi hizo kwa fidla nyingi na akaongeza muziki kutoka kazi nyingine za Cavalli. Watu waliipenda, na ndiye aliyewafanya wengi wamjue Cavalli. Hata hivyo matoleo ya baadaye yaliondoa karibu vyote, na maneno yakasikika vizuri zaidi. Nadhani waliokuja baadaye walikuwa sahihi. Ongeza kidogo.

Onyo: kila ulichoongeza kiandikwe kwa nota ndogo au rangi nyingine kwenye toleo lako. Mwimbaji ana haki ya kujua lini anaimba Vivaldi na lini anakuimba wewe.

Utajua umefaulu ukiweza kupiga opera yote kwenye kinanda toka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na msikilizaji asiyejua jedwali lako asiweze kutambua viraka kwa sikio, ingawa kwenye karatasi vimewekwa wazi.

## Hatua ya 6: Chagua sauti na ala

Nafasi nyingi za kiume ziliandikiwa kastrati, waimbaji wa kiume waliohasiwa utotoni wakabaki na sauti ya juu. Usizishushe oktavu moja ili baritoni aziimbe. Ndivyo walivyofanya Göttingen, Ujerumani, mwaka 1920 na *Rodelinda* ya Handel, onyesho lililoamsha upya opera za Handel, na kwa wakati wao ilieleweka. Lakini sauti ikishuka hupita chini ya ala zilizokusudiwa kuandamana nayo, na mwafaka wote hupinduka.

Tumia kauntatena, yaani mwanamume anayeimba kwa sauti ya juu, au mwanamke mwenye sauti ya mezo, iliyo chini kidogo ya soprano. *Artaserse* ya Leonardo Vinci, ya Roma mwaka 1730, iliporudishwa jukwaani Nancy, Ufaransa, mwaka 2012, ilitumia kauntatena watano, wakiwemo walioigiza wanawake, kwa sababu Roma ya wakati ule haikuruhusu wanawake kuimba jukwaani. Venice ilikuwa tofauti. Katika *Motezuma* ya 1733 nafasi ya Ramiro, ambaye ni mwanamume, iliimbwa na mwanamke, na mfalme Motezuma mwenyewe ana sauti nzito ya kiume. Hapo orodha ya waimbaji iliyo kwenye libreto inakulinda: jina la kila mwimbaji hukuongoza kwenye kazi zake nyingine, na humo utaona sauti yake ilifika wapi.

Kwa ala, kundi dogo linatosha: fidla, viola, selo, besi kubwa, hapsikodi na, ukipata, tiorba (ala ya nyuzi yenye shingo ndefu). Amueni mapema nota A, inayopatanisha ala zote, itakuwa hezi (mitetemo kwa sekunde) ngapi. Vikundi vingi vya Baroki leo hutumia 415, karibu nusu sauti chini ya 440, ingawa Venice ya Vivaldi ilikuwa karibu zaidi na kipimo chetu cha sasa. Ala za upepo za mtindo wa kale haziwezi kubadilishwa siku ya onyesho, kwa hiyo uamuzi huu utangulie kuajiri.

## Hatua ya 7: Mazoezi yaanze na mazungumzo

Desturi ya kuanza na aria kwa kuwa ni tamu ndiyo inayoua opera nyingi zilizofufuliwa. Aria mwimbaji atajifunza nyumbani. Resitativo hujifunzwa wawili wawili.

Anza mezani, bila muziki. Someni libreto kama tamthiliya, kila mtu akijua neno analolisema na analoambiwa. Kisha ongeza hapsikodi na selo tu. Nota za resitativo zimeandikwa kwa vipimo vya nne, lakini vipimo hivyo ni vya karatasi. Mwendo unatoka kwenye sentensi. Mwishoni mwa sentensi, nota mbili zinazofanana mara nyingi huimbwa ya kwanza ikiwa juu. Haikuandikwa kwa sababu kila mwimbaji aliijua.

Baada ya hapo, aria. Sehemu ya kwanza inaporudiwa mwishoni, mwimbaji hupamba. Kila mmoja aandike mapambo yake mwenyewe, na mwongozaji wa muziki ayapunguze.

Ikibidi kufupisha, kata resitativo ukifuata mfano wa alama zile za pembeni. Usikate sehemu ya kati ya aria, maana marudio yatakosa sababu ya kuwapo.

Utajua umefaulu mtu asiyejua Kiitaliano akikaa chumbani na kukuambia nani anauliza, nani anadanganya, na nani ameshajua kwamba anadanganywa.

## Hatua ya 8: Jukwaa

Mandhari za Baroki zilibadilika mbele ya macho ya watu. Ukumbi wa Drottningholm, Sweden, uliojengwa mwaka 1766, bado una mitambo yake ya mbao inayobadilisha mandhari kwa sekunde chache. Wewe huna mitambo hiyo, na huihitaji. Unachohitaji ni kasi. Soma libreto, hesabu mabadiliko yote, na usikubali ubunifu wowote unaolazimisha pazia kufungwa.

Suala gumu zaidi ni maudhui. *Motezuma* inasimulia Wahispania walivyoiteka Meksiko, na inaishia kwa mapatano na ndoa kati ya Teutile, binti wa mfalme, na Ramiro, ndugu wa mtekaji. Mtazamaji wa leo hawezi kuipokea harusi hiyo kama ilivyopokewa mwaka 1733, sembuse mtazamaji ambaye babu zake walitawaliwa. Usibadilishe maneno. Acha waimbaji waimbe furaha iliyoandikwa, na picha ya jukwaani iseme ilichogharimu: nani amesimama, nani amekaa, nani ana silaha.

Tafsiri ya kuonyeshwa juu ya jukwaa iwe fupi kuliko unavyotaka. Sehemu inayorudiwa usiiandike tena. Acha skrini iwe tupu ili watu wamtazame mwimbaji. Ukionyesha mbele ya Waswahili, tafsiri moja kwa moja kutoka Kiitaliano. Ukipitia Kiingereza utapoteza ukali wa matusi, na opera hizi zina matusi mazuri sana.

## Hatua ya 9: Hifadhi kazi yako

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya onyesho la kwanza, kijitabu cha programu kiorodheshe kila kipande kisichotoka kwenye muswada wa opera hiyo: kimetoka wapi, nani alikivisha maneno, nani alitunga resitativo.

Kisha peleka toleo zima na lile jedwali la Hatua ya 2 kwenye maktaba iliyokupa picha. Vipande vya kujazia vikae kwenye faili tofauti, kila kimoja na namba yake kwenye jedwali, ili karatasi halisi zikipatikana rafuni mahali fulani, atakayekuja aweze kuchomoa aria yako na kuingiza ya Vivaldi bila kugusa kurasa nyingine.